Magogo ya Kifudifudi

Tumpe amekufa, na sasa hakuna aliyebaki wa kunibishia nikisimulia mwaka ule. Tulimzika mwezi uliopita kwao, upande wa Rungwe, mvua ikinyesha ile ya kwao isiyojua adabu, na mimi na magoti yangu haya mabovu nikawa nashikwa mkono huku na huku. Alikuwa wifi yangu, mdogo wa marehemu mume wangu Ambakisye, na kila nilipoanza habari za mwaka wangu wa kwanza ukweni alinikatiza: "Si hivyo, wewe Muhehe. Unaongeza chumvi." Jioni ya mazishi tulikaa sebuleni kwake, na mbele yangu binti mmoja aliyeolewa juzijuzi katika ukoo ule alikuwa amekaa bega kwa bega na baba mkwe wake, wanakula sahani moja, wanachekea kitu kwenye simu. Nikaangua kicheko peke yangu. Watu wakatazamana, wakadhani bibi wa Iringa majonzi yamempanda kichwani. Wangejua! Mimi na baba mkwe wangu tuliishi kiwanja kimoja miaka na miaka, na sura yake siijui mpaka leo. Basi nasimulia mwenyewe, na chumvi nitaweka ninapotaka.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Nilitoka Iringa juu ya lori la mizigo, tukakatiza tambarare za Usangu vumbi limetujaa mpaka kwenye kope, tukalala Mbeya, kesho yake tukapanda gari lingine, na mwisho tukashuka na kuanza kutembea. Mume wangu alikuwa seremala Mbeya mjini, nyumbani anarudi mwisho wa wiki akipata lifti. Njiani alinieleza mengi: kwamba kwao baridi ni ya maji si ya upepo kama kwetu, kwamba mama yake hapendi mtu anayeamka jua limetoka, kwamba nisishangae kula ndizi asubuhi na jioni. Jambo moja hakunieleza, eti alidhani wanawake watanieleza wenyewe. Wanaume, jamani! Kwa Wanyakyusa wa siku zile mkaza mwana na baba mkwe hawaonani. Sisemi wanaheshimiana kwa mbali, hapana, hawaonani kabisa. Ukisikia anakohoa unaingia majanini, unajifunika shuka, unangoja apite. Humtazami, husemi naye, jina lake hulitaji. Na wao walikuwa Wakristo wa kweli, baba mkwe mwenyewe mzee wa kanisa, lakini mambo ya mkwe hakuna mchungaji aliyethubutu kuyagusa.

Sasa nichukue mimi, msichana wa Kihehe niliyelelewa kwamba ukipishana na mkubwa njiani unapiga magoti, unatoa mikono miwili, unasalimia mpaka akuitikie. Ambakisye alikuwa amebaki nyuma anafunga upya kamba ya sanduku langu, na Tumpe, aliyekuja kutupokea, alikuwa mbele yangu anapiga soga. Mzee mmoja akatokeza kwenye kona ya migomba na panga mkononi. Tumpe akapiga ukelele, "Ingia majanini! Ingia!" Nikadhani nyoka. Nikatazama chini, nyoka hakuna, kuna miguu ya mzee mkavu yenye matope. Nikapiga magoti palepale kwenye tope, nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikamsalimia kwa Kihehe, "Kamwene, baba." Nilisema kwa sauti nzuri, ile ya kanisani. Hakuitikia. Mkono ukachomoka, nikasikia kishindo, na mzee mzima, mzee wa kanisa, alikuwa ameruka mtaro na kupotelea kwenye magimbi. Wanawake waliokuwa wanakuja na vigelegele wakanyamaza wote kwa pamoja. Mpaka leo nikikumbuka ukimya ule masikio yananipata moto.

Ningeweza kusamehewa, maana mgeni ni mgeni, kama migomba isingeanza kuanguka. Nyumba yetu ilikuwa chini, ya wazee iko juu, na katikati ndiyo migomba yenyewe, msitu mzima ambao baba mkwe aliurithi kwa baba yake na alikuwa anaufagia kama sebule. Kwao mgomba si zao la kuuza tu. Ndio chakula, ndio kivuli, ndio chakula cha ng'ombe, na kitovu cha mtoto kinazikwa hapo. Mwezi haukuisha tangu nifike, upepo kidogo tu, mgomba wenye mkungu mkubwa ukalala chini. Halafu mwingine. Ukiutazama ulikokatikia, shina la ardhini lote limetobolewatobolewa na kuoza. Wiki baada ya wiki ikawa hivyo, na mikungu inayosimama ikawa midogo, ndizi zake kama vidole vya mtoto. Shangazi, yaani dada mkubwa wa baba mkwe, alikuwa anakaa kijiji cha pili, na miguu yake haikuchoka kuja kuhesabiana nasi maneno. Nilikuwa naosha vyombo nyuma ya jiko nikamsikia akimwambia mama mkwe: "Kaka yangu ameshikwa mkono na mkaza mwana. Mmenyamaza, hamkuchinja, hamkufanya lolote. Mnangoja migomba iishe ndiyo muanze ng'ombe?" Mama mkwe akajibu taratibu, "Ni fukusi, dada." Shangazi akacheka. "Fukusi walikuwepo tangu zamani. Kipya hapa ni kipi?"

Kipya nilikuwa mimi. Nilikwenda kwangu nikalia mpaka nikasikia aibu kwa kuku. Nilimpenda Ambakisye, niseme wazi, nilimpenda vibaya sana, na nilijua Shangazi akiamua jambo wazee wa ukoo hawampingi. Alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba baada ya mavuno ya maharage wataketi, na kama migomba bado inaanguka, mimi nitarudishwa Iringa nilikotoka. Mume wangu aliporudi Jumamosi nikamuuliza, "Utanirudisha?" Akasema, "Sitaki." Nikamwambia, "Sijakuuliza unataka nini." Akashika kichwa. Hakuwa mwoga, lakini alikuwa kijana katika ukoo wa watu wanaosikilizana, na alijua ana kauli gani na hana ipi.

Jiko la mama mkwe ndilo lililoniokoa, au niseme ukuta wake. Lilikuwa la mianzi iliyokandikwa udongo, na udongo umebanduka sehemu ya juu karibu na kichanja cha kuni, kwa hiyo ukikaa kwenye kigoda unamenya ndizi unasikia kila kinachosemwa uani bila kuonekana. Ndani kulikuwa na moshi wa kudumu, sufuria moja kubwa ya ndizi na nyingine ya maharage, na kibuyu cha maziwa ya mgando ambacho mama mkwe alikitikisa huku anawaza mambo yake. Siku moja akaja bwana shamba na baiskeli, kijana mwembamba mwenye kaptula iliyopigwa pasi, akawakusanya wanaume wa jirani pale uani. Nilisimamisha kisu. Akawaambia kwamba fukusi ni mdudu mweusi mdogo mwenye pua ndefu, hapendi jua, hutaga mayai chini kwenye shina, na wanaotafuna ni watoto wake. "Mgomba ukianguka msiulaumu upepo," akasema. "Sasa kateni gogo bichi la mgomba uliokwisha kuvunwa. Lipasueni katikati. Lilazeni kifudifudi, upande wenye maji uguse udongo, karibu na shina. Ile harufu ya utomvu inawaita usiku kuliko mgomba mzima unavyowaita. Asubuhi funueni, muwakute wamejikusanya, muwaue."

Wanaume walicheka sana. Mmoja akasema, "Yaani mwizi ananiibia, mimi nimpikie?" Bwana shamba naye hakuwa mnyonge. "Mpikie," akasema. "Akishakaa kula, funga mlango." Wakacheka tena, safari hii pamoja naye. Kisha nikasikia sauti ambayo nilikuwa naijua kwa kikohozi tu, sauti ya baba mkwe, nzito na ya taratibu: "Na mtu akisahau kufunua?" Bwana shamba akasema, "Akisahau, mzee wangu, heri asingeanza. Watazaliana humohumo ndani ya gogo, na atakuwa amewaita wote mwenyewe." Baba mkwe akasema "Ee," basi. Walipotawanyika hakuna aliyekata gogo. Mama mkwe akanitazama kwenye moshi, akatazama kisu changu kilichosimama juu ya ndizi, akasema, "Menya, mwanangu, maji yamechemka."

Sikulala na wazo lile, nililimenya pamoja na ndizi. Kesho yake nikamvuta Tumpe kisimani. "Wewe una wazimu," akaniambia. "Migombani kwa baba? Wewe?" Nikamwambia, "Baba anakwenda kukamua ng'ombe kila asubuhi kule bondeni. Wewe simama kwenye kona, ukimwona anarudi imba." Akauliza aimbe nini. Nikasema wimbo wowote wa kanisani, isipokuwa usiwe wa kwaya yenu maana mnaburuza. Alinipiga kwa kata ya maji, lakini alikubali. Tumpe alikuwa hivyo, anabisha mpaka anaishiwa, kisha anakuwa wa kwanza kufika. Asubuhi ya kwanza nikakata magogo marefu kama mkono, nikayapasua, nikayalaza kwenye mashina ya upande wa chini. Mikono ilinata utomvu mweusi ambao hautoki hata kwa majivu. Kesho yake nikafunua la kwanza, na haki ya Mungu, nilipiga ukelele. Walikuwepo! Weusi, wametulia kwenye unyevu, wengine wameshaingia katikati ya nyama ya gogo. Ukiwagusa wanajifanya wamekufa, wanakunja miguu, wanaanguka chini kama punje za kunde zilizoungua, ukigeuka tu wanatembea. Tumpe akawakusanya kwenye kopo, tukawamwagia maji ya moto. "Mmeitika wito," nikawaambia. Tumpe akacheka mpaka akasahau kulinda njia.

Tulifanya hivyo wiki baada ya wiki, tukapanda kidogo kidogo kuelekea juu. Gogo likianza kukauka harufu inaisha, kwa hiyo unalitoa, unalikatakata juani, unaweka jipya. Sitasema migomba ilisimama ghafla. Iliendelea kuanguka, maana funza waliokwisha kuingia ndani ya mashina gogo haliwaiti. Lakini kopo lilianza kupungua uzito, na mimi nikaanza kula vizuri. Nikisimulia sasa naona nilikuwa na furaha ya ajabu asubuhi zile, mgeni kwenye shamba ambalo mwenyewe haruhusiwi kunikuta, umande mpaka magotini, na jua linapenya kwenye majani mapana. Sikuwahi kuona migomba mingi hivyo kwetu Iringa. Niliizoea mmoja mmoja, nikajua upi unapendwa na fukusi na upi hawaujali.

Halafu mambo yakaharibika kwa wakati mmoja. Dada yao mkubwa alijifungua Mbeya, Tumpe akaitwa kwenda kumhudumia. Na asubuhi ya pili yake ng'ombe akampiga baba mkwe teke la mguu, ukavimba, akawa haendi tena bondeni. Mtoto wa jirani akawa anakamua, na baba mkwe akatolewa kigoda. Kikawekwa wapi? Katikati ya migomba, kwenye kijua cha asubuhi. Akawa anakaa hapo tangu kunapambazuka mpaka jioni. Nilimsikia akikohoa, nikabaki chini kwangu nimeshika kopo, na Ambakisye wa kumtuma alikuwa Mbeya, lifti hapati. Nilijua kinachoendelea chini ya yale magogo. Niliwaita wote mwenyewe, na sasa mlango uko wazi na mpishi hayupo. Kila siku iliyopita niliwaona kichwani wakitaga, na usiku nikisikia upepo nilikuwa nakaa kitandani nasikiliza upi unaanguka. Nikaenda kwa mama mkwe, nikaanza kwa kuzunguka: "Mama, yale magogo kule…" Akanikata, "Magogo gani? Mimi sijaona magogo," akaendelea kutikisa kibuyu. Nikatamani kumrukia. Nilifikiri ananitupa.

Maharage yakavunwa, na Shangazi akaja na wazee. Tumpe alikuwa amerudi siku ile asubuhi, akaingia jikoni akakaa karibu nami sakafuni, tukashikana mikono kama watoto. Ambakisye alikuwa uani kati ya wanaume. Waliongea kwanza ya mvua, ya ng'ombe, ya mguu, kama watu wanaojua wamefuata nini. Kisha Shangazi akasema, na nilimsikia vizuri kupitia mianzi: "Nimepita migombani. Kila shina limelazwa kipande cha gogo kilichopasuliwa, kimefunikwa kifudifudi. Nani analaza vitu hivyo kwenye shamba la kaka yangu? Mtoto wa kike ameonekana huko alfajiri, ana kopo. Mkono alimshika mchana mbele ya watu, mkanyamaza. Sasa anatega, na mnanyamaza?" Watu wakaguna. Sauti ya Ambakisye ikatoka juu, imepasuka, "Shangazi, ni dawa ya fukusi, bwana shamba alisema…" Mzee mmoja akamwambia akae chini, hapa haijaulizwa habari ya bwana shamba, limeulizwa jina la mtu. Nilianza kufunga khanga yangu kiunoni. Nilikuwa natoka. Nilikuwa nimeamua nitoke nisimame mbele yao wote, na baba mkwe akiwemo, niseme ni mimi, na wanirudishe wakitaka, lakini wayafunue yale magogo kwanza kabla migomba haijaisha. Tumpe akanishika mguu. Mama mkwe akasimama mlangoni, mwili mzima.

Ndipo baba mkwe akakohoa. "Magogo hayo," akasema, "nimeyalaza mimi."

Shangazi akasema, "Wewe?" Akasema, "Mimi." Shangazi akasema, "Na yule aliyeonekana na kopo?" Akajibu, "Shamba ni la nani, dada? Ninaulizwa nani anafanya kazi kwenye shamba langu? Fukusi ndio wanaoangusha migomba, na mimi nawategea. Kesho nitalaza mengine. Anayetaka kumrudisha mtu Iringa, anirudishe mimi." Mtu mmoja akaanza kucheka, akafuata mwingine, na wazee walipokwisha kucheka kikao kikawa kimekufa. Shangazi hakuaga. Jikoni mimi nililia kwa sauti mpaka mama mkwe akanipa mwiko na kuniambia nikoroge maharage, yanashika chini. Na yeye alikuwa anafuta macho, akisingizia moshi.

Nilidhani amenisemea uongo. Niliwaza hivyo usiku mzima, kwamba mzee wa kanisa amebeba uongo mbele ya ukoo wake kwa ajili ya msichana aliyemtia aibu njiani, na kwamba hata hivyo migomba imekwisha, maana wale wadudu walikuwa wamekaa humo siku nyingi bila kusumbuliwa. Kulipopambazuka Tumpe akaja mbio. Baba ametoka, anajikongoja na fimbo kwenda bondeni, mguu bado haujapona, ila amesema lazima aende leo. Nikachukua kopo nikapanda. Nilifunua gogo la kwanza huku nimefumba macho. Halikuwa langu. Lilikuwa bichi, la jana au juzi, limepasuliwa kwa pigo moja la mkono wenye nguvu, mimi nilikuwa napasua kwa kugongagonga. Chini yake fukusi wawili tu. Nikafunua la pili, la tatu, nikapanda mpaka kwenye kigoda chake. Yote mapya. Kando ya kigoda kulikuwa na rundo la vipande vya zamani vilivyokatwakatwa vizuri kukaushwa, na debe bovu lenye maji, juu yake weusi wanaelea, wengi, wengi kuliko nilivyowahi kukusanya. Siku zote zile nilizokaa chini nimeshika kopo, yeye alikuwa anajiburuza kwa makalio na mguu wake ule kutoka shina hadi shina.

Nilikaa kwenye udongo, si kwenye kigoda, hilo nisingethubutu. Sikuwa na njia ya kumshukuru. Kumwandikia haiwezekani, kumtuma Tumpe ni kumtaja, kumsubiri njiani ndiko kulikoniponza. Nilitaka kupiga kelele nikijua atasikia bondeni. Niliposhuka ndipo nikaona nilichokipita mbio wakati wa kupanda: mashina ya safu ya mwisho, yaliyo karibu na nyumba yangu, hayakuwa na gogo. Hapo palikuwa na mgomba uliokatwa asubuhi ileile, bado unatoa maji, umelazwa chini mzima bila kupasuliwa. Juu yake aliweka panga lake, na mpini ameuelekeza upande wa mlango wangu.

Nikalishika, nikapasua.